Niliweka Iodini, Mbona Kidonda Kimeoza?

Leo tuongelee chupa moja ambayo naikuta karibu kila banda ninalotembelea: ile dawa ya rangi ya kahawia, iodini. Utaikuta imewekwa dirishani, jua linaipiga, kizibo kimelegea, na mwenye banda anaiamini kama anavyoamini kufuli la mlango wake.

Swali ninaloulizwa sana na vijana mnaofuga nguruwe, mbuzi na ng'ombe wa nyama ni hili: "Mtaalamu, nilihasi, nikamwagia iodini ya kutosha kabisa, mbona kidonda kimeoza?" Nikifika naomba nione chupa, halafu naomba nisimuliwe kila kilichofanyika tangu mnyama alipokamatwa. Mara nyingi sababu inaonekana kabla hata sijamgusa mnyama.

Nawapa jibu fupi mapema, halafu tulichambue taratibu. Iodini inafanya kazi vizuri sana, ila ina masharti matatu: ikutane na ngozi safi, iwe na nguvu inayolingana na kazi, na ipewe muda. Ukivunja sharti moja tu, hujatibu kitu, umepaka rangi.

Kwenye ufugaji wa biashara hili si jambo dogo. Nguruwe aliyepata jipu baada ya kuhasiwa anaacha kula, anadumaa, anakula hela ya dawa, na ukimchoma antibiotiki huwezi kumuuza mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Ukipiga hesabu hiyo kwa uzao mzima, faida ya miezi kadhaa imeondoka kwa kazi ya dakika chache iliyofanywa vibaya. Na zaidi ya hela, mnyama ameumia bure.

Iodini ni kitu gani hasa

Iodini ni ileile tunayoambiwa tule kwenye chumvi yenye madini joto. Iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa anachakata majivu ya mwani ili kupata malighafi ya baruti. Baadaye madaktari wakaona inaua vijidudu. Mwaka 1908 daktari wa upasuaji Antonio Grossich akaeleza namna ya kupaka iodini ya spiriti kwenye ngozi ya mgonjwa kabla ya kupasua, na utaratibu huo ukaenea haraka.

Shida ya iodini ya zamani ilikuwa ukali wake: inaunguza, inauma na inaacha madoa. Miaka ya 1950 huko Marekani wakapata njia ya kuifunga iodini kwenye kemikali inayoitwa povidoni, inayoiachia kidogokidogo. Hiyo ndiyo povidoni-iodini, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Betadine, ingawa zipo za majina mengine mengi.

Inavyoua ni hivi: chembe za iodini iliyo huru zinapenya ganda la kijidudu na kuharibu protini zake. Inaua bakteria, fangasi na virusi vingi. Uzuri wake mwingine ni kwamba vijidudu hawaizoei kirahisi kama wanavyozoea antibiotiki. Ndiyo maana baada ya miaka zaidi ya mia moja bado iko kwenye vyumba vya upasuaji.

Lakini iodini haichagui adui. Ikikutana na bakteria inapigana na bakteria. Ikikutana na kinyesi, damu, usaha au maziwa, inapigana na hivyo pia, na nguvu yake inaishia hapohapo. Ukimwagia iodini kwenye korodani la nguruwe lenye tope, sehemu kubwa ya dawa inaliwa na tope. Bakteria walio chini ya tope wanabaki salama, wanasubiri wembe uwafungulie njia. Na ukiona iodini uliyopaka inapauka haraka, ujue imeshatumika. Rangi ikipotea, na nguvu imepotea.

Chupa zinafanana, kazi zinatofautiana

Hapa ndipo wengi mnapoteleza. Ukienda duka la pembejeo ukasema "nipe iodini," unaweza kupewa mojawapo ya hizi nne, na zote ni za kahawia:

1. Iodini ya spiriti (tinkcha). Zipo za asilimia 2 na zipo kali za asilimia 7. Hii kali ni ya kitovu cha ndama au mtoto wa mbuzi aliyezaliwa. Si ya kumwaga ndani ya kidonda kilicho wazi. Inaunguza nyama, na nyama iliyoungua ni chakula cha bakteria.

2. Povidoni-iodini ya maji, asilimia 10. Hii ndiyo ya kupaka kwenye ngozi kabla ya kukata, na ndiyo unayoipunguza kwa maji kuoshea kidonda.

3. Povidoni-iodini yenye sabuni. Ukiisugua inatoa povu. Hii ni ya kuoshea ngozi nzima isiyo na jeraha, na mikono yako. Usiitie ndani ya kidonda wala karibu na jicho, kwa sababu ile sabuni inaumiza nyama laini.

4. Dawa ya kuchovya chuchu. Ina iodini kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 1, na imechanganywa na vilainishi vya ngozi. Ni ya ng'ombe na mbuzi wa maziwa, si ya upasuaji.

Kijana mmoja mfugaji wa mbuzi aliwahi kunionyesha beberu watatu waliohasiwa, vidonda vimekuwa vyeusi, vikavu juu, chini vinatoa harufu. Alikuwa ameuliza dukani dawa ya kidonda, akauziwa ile ya asilimia 7 na kuambiwa amwagie kila siku asubuhi na jioni mpaka kikauke. Alifuata maelekezo kwa uaminifu kabisa. Kidonda kilikuwa kinajaribu kupona, na kila asubuhi na jioni nyama changa inachomwa upya. Tulichofanya ni kuacha ile dawa, kuosha kwa dawa iliyopunguzwa vizuri, na kumwita daktari wa mifugo aangalie kama kuna usaha ndani. Walipona, lakini walikuwa wameshapoteza uzito ambao alitegemea kuuuza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, soma lebo. Angalia vitu vinne: ni iodini ya namna gani, asilimia ngapi, ina sabuni au haina, na inaisha muda lini. Chupa isiyo na lebo, au iliyojazwa upya kutoka kwenye dumu, iache hapohapo dukani.

Tujifunze kwa watu wa maabara

Kuna watu wanaopasua wanyama kwa uangalifu ambao zizini hatuuoni mara nyingi: wale wa maabara za utafiti, wanaofanya upasuaji kwa panya na sungura. Kwao kidonda kikiingia vijidudu, mnyama anateseka na majibu ya utafiti yanaharibika, kwa sababu mnyama mgonjwa hatoi majibu ya kuaminika. Kwa hiyo wameweka utaratibu usiorukwa hatua. Hauhitaji mtambo wowote. Unahitaji maji safi, sabuni, pamba na subira. Sisi tunaweza kuufuata kwenye banda la kawaida.

Hatua ya 1: Andaa mahali na siku. Fanya asubuhi, kukiwa na ubaridi na inzi wachache, mahali pakavu penye mwanga. Banda ambalo mnyama atarudi liwe limeshasafishwa na kuwekwa matandiko makavu. Kama mvua zimeshika na zizi ni tope tupu, ahirisha. Hakuna dawa ya chupa itakayolinda kidonda kinachokaliwa kwenye kinyesi.

Hatua ya 2: Chemsha vifaa. Kisu, mkasi na koleo vichemshwe kwenye maji yanayotokota dakika 20 hadi 30. Usitegemee kuloweka vyuma kwenye iodini. Inavila na kuvitia kutu, na haiwezi kuvisafisha kama maji ya moto yanavyofanya.

Hatua ya 3: Mikono. Kata kucha, vua pete na saa, nawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, vaa glovu mpya. Ukishika kamba au mguu wa mnyama wenye tope katikati ya kazi, badilisha glovu. Mwenye kushika mnyama asiwe ndiye mwenye kukata.

Hatua ya 4: Punguza nywele. Kama sehemu ina nywele au sufu nyingi, nyoa eneo pana kuliko unapotaka kukata. Nyoa muda huohuo wa kazi, usinyoe jana yake. Wembe unaacha mikwaruzo midogo, na ikikaa usiku kucha bakteria wanazaliana humo. Ngozi ya sungura ni nyembamba mno na inachanika kirahisi, kwa hiyo ivute kidogo na unyoe taratibu.

Hatua ya 5: Osha uchafu unaoonekana. Maji safi na sabuni ya kawaida, mpaka pamba nyeupe ikipita irudi nyeupe. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wanaona iodini itafanya kazi yote. Haiwezi. Suuza sabuni iishe, kausha kwa kitambaa safi.

Hatua ya 6: Sugua kwa povidoni yenye sabuni. Anza katikati, pale utakapokata, zungusha kwenda nje kama unachora konokono. Pamba ikishafika nje haitakiwi kurudi katikati. Itupe, chukua nyingine. Kisha futa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 kwa mtindo uleule, katikati kwenda nje. Rudia zamu hiyo, povidoni kisha spiriti, mara tatu. Spiriti inawasha sana kwenye ngozi laini ya korodani. Hapo maji yaliyochemshwa yakapoa yanatosha.

Hatua ya 7: Paka povidoni ya maji asilimia 10, bila kuipunguza, na usubiri. Hili ndilo sharti la muda. Ngozi ikae na dawa angalau dakika mbili, na iache ikauke yenyewe. Usiipepee, usiifute, usikate ikiwa bado inachuruzika. Tumia simu yako kuhesabu dakika, maana dakika mbili ukiwa umemshika nguruwe anayepiga kelele zinaonekana kama nusu saa.

Kuna mambo mawili ya tahadhari hapa. La kwanza, wanyama wadogo wanapata baridi haraka. Watu wa maabara wanalijua hili vizuri: panya ukimlowanisha kwa spiriti, ikiruka inaondoka na joto lake la mwili. Vitoto vya nguruwe vya siku chache na sungura wako kwenye hatari hiyohiyo. Kwao lowanisha eneo dogo tu, tumia maji ya vuguvugu yaliyochemshwa badala ya spiriti, na uwarudishe mahali pa joto mara tu kazi inapoisha.

La pili, spiriti inashika moto. Kama unakata pembe za ndama kwa chuma cha moto, spiriti isikaribie kabisa. Na kwa kuwa pembe ziko karibu na macho, tumia povidoni ya maji isiyo na sabuni.

Kidonda kikishafunguka, nguvu inabadilika

Baada ya kukata, masharti ni mengine. Ngozi nzima inavumilia povidoni ya asilimia 10. Nyama mbichi haiivumilii. Seli zinazotakiwa kujenga kidonda zinakufa pamoja na bakteria.

Kwa kuosha kidonda kilicho wazi, chukua mililita 10 za povidoni ya asilimia 10, isiyo na sabuni, uchanganye na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Bomba la sindano la mililita 10 litakupimia bila kubahatisha. Rangi utakayoipata ni kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Kama inafanana na kahawa ya kijiweni, umezidisha.

Najua mtaniuliza: si itakuwa imekosa nguvu? Hapa kuna jambo linaloshangaza wengi. Povidoni inaishika iodini kama sifongo linavyoshika maji. Ikiwa nzito, iodini nyingi inabaki imeshikiliwa. Ukiipunguza kwa kiasi, sehemu kubwa zaidi inaachiliwa huru, na iliyo huru ndiyo inayoua. Kwa hiyo iliyopunguzwa vizuri inaua kwa haraka, tena bila kuunguza nyama. Udhaifu wake ni kwamba akiba yake ni ndogo, inaisha upesi ikikutana na damu na usaha. Ndiyo maana unaosha kwa kiasi kingi kinachotiririka, na unachanganya mpya kila siku. Iliyobaki jioni imwage.

Kwenye kuhasi kwa kukata, tundu linaachwa wazi upande wa chini ili damu na majimaji yatoke. Usiingize ndani pamba iliyolowa iodini. Inaziba njia, na usaha unakusanyika juu yake. Usichanganye iodini na Jik, wala Dettol, wala haidrojeni peroksaidi kwa kudhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Nyingine zinauana, na ya klorini inaweza kutoa hewa inayokudhuru wewe mwenyewe.

Baada ya hapo kazi yako kubwa ni kuangalia. Uvimbe kidogo siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Uvimbe unaoongezeka baada ya hapo, joto, harufu, usaha, funza, mnyama kutembea kwa kukakamaa au kuacha kula: hapo usiongeze iodini, mwite mtaalamu.

Mambo ambayo iodini haiwezi

*Haizuii pepopunda.* Bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na kinyesi wakiwa ndani ya ganda gumu, na ganda hilo linavumilia iodini kwa muda mrefu kuliko zile dakika mbili zako. Mbuzi, kondoo na punda wanashikwa sana na ugonjwa huu, na hatari huwa kubwa zaidi ukihasi kwa mpira, kwa sababu nyama inayokufa bila hewa ndiyo nyumba wanayoipenda. Kinga ni chanjo au dawa maalumu ya kuzuia pepopunda; zungumza na daktari wa mifugo kabla ya siku ya kuhasi. Mnyama akishaanza kukakamaa kama mbao, kumwokoa ni kazi ngumu mno.

*Haiondoi maumivu.* Iodini si ganzi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ya hapa Tanzania inatutaka tusimsababishie mnyama mateso yasiyo ya lazima. Muulize daktari kuhusu ganzi na dawa ya kupunguza maumivu, hasa kwa wanyama waliokwisha kukua. Kadiri unavyowahi kuhasi mnyama akiwa mdogo, ndivyo kidonda kinavyokuwa kidogo na kupona kunakuwa haraka.

*Haitibu maambukizi yaliyozama.* Jipu lililo ndani linahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Kupaka juu ni sawa na kupiga deki nje ya nyumba huku ndani kunanuka.

Na tusisahau kwamba kidonda salama kuliko vyote ni kile ambacho hukukifungua. Kwa madume ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, koleo la Burdizzo linaponda mishipa bila kukata ngozi. Likitumiwa na mtu anayelijua, mnapunguza kabisa mlango wa kuingilia vijidudu. Vijana mkiwa kikundi, kununua moja la pamoja kunawezekana.

Kitovu na chuchu

Kuna kidonda kimoja ambacho kila mnyama anazaliwa nacho, nacho ni kitovu. Bakteria wakipita hapo wanafika kwenye damu, na baada ya siku chache unaona ndama ana magoti yamevimba na hawezi kusimama. Chovya kitovu mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, ndani ya iodini ya spiriti ya asilimia 7. Weka dawa kidogo kwenye kikombe kidogo, ingiza kitovu chote mpaka kwenye shina lake, kisha mwaga iliyobaki. Usiitumie kwa mwingine. Kupuliza kwa chupa mara nyingi kunaacha upande mmoja mkavu. Ukikosa ya asilimia 7, tumia povidoni ya asilimia 10 na urudie mara kadhaa siku ya kwanza. Na hata ukichovya vizuri namna gani, ndama anyonye maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, ndani ya saa za mwanzo. Hiyo ndiyo kinga yake ya ndani.

Wenye ng'ombe wa maziwa, kumbukeni tu kwamba baada ya kukamua tundu la chuchu linabaki wazi kwa muda. Chovya chuchu yote kwenye dawa yake maalumu, mpe ng'ombe majani ili abaki amesimama kama nusu saa, na kabla ya kukamua tena safisha na kukausha kila chuchu ili iodini isiingie kwenye maziwa.

Kuitunza chupa

Iodini inaharibiwa na jua na joto. Iweke kwenye chupa yake yenyewe, kizibo kimekazwa, mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na watoto. Usichovye pamba ndani ya chupa. Mimina kiasi kwenye kikombe, na iliyobaki usiirudishe. Msidhani dawa ya kuua vijidudu haiwezi kuchafuka. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuna bakteria walikutwa wakiwa hai ndani ya povidoni-iodini yenyewe. Chupa inayofunguliwa ovyo si ya kuaminika hata ikiwa na rangi nzuri.

Kama una wasiwasi kwamba umeuziwa maji ya rangi, kuna kipimo kila aliyesoma sekondari anakikumbuka: kile cha wanga. Kata kipande cha muhogo mbichi, weka tone moja la dawa. Ikigeuka bluu iliyokolea hadi nyeusi, iodini ipo. Ikibaki kahawia, irudishe dukani. Ila kipimo hiki kinakuambia ipo au haipo, hakikuambii ni asilimia ngapi. Lebo bado utaisoma.

Nani akate

Kuchovya kitovu, kuosha kidonda kidogo na kuchovya chuchu ni kazi yako. Kuhasi, jifunze kwa mtaalamu, ufanye mara kadhaa akikusimamia kabla hujashika wembe peke yako. Kumpasua mnyama aliyeshindwa kuzaa, kurekebisha ngiri, kushona jeraha kubwa au la tumboni ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Wewe unaweza kumsaidia kwa kuandaa mahali pasafi, maji yaliyochemshwa ya kutosha na mwanga. Akifika akakuta hayo tayari, nusu ya usalama wa mnyama wako umeshaupata.

Safari ijayo ukipanga kuhasi, andika kwenye karatasi maneno matatu: SAFI, NGUVU, MUDA. Bandika ukutani juu ya meza ya vifaa. Aliyeshika mnyama ndiye asome kwa sauti, na mwenye wembe asikate mpaka ajibu yote matatu. Mwenye swali kuhusu mnyama aliye naye sasa hivi amwone afisa mifugo wa kata yake leo, asingoje kidonda kinuke.